Kamba ya Mrzlinje na Mplamu wa Shangazi Pavla

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya wa Manispaa yetu, Mama Zdenka Hribernik;

Ndugu Katibu wa Manispaa, uliyekuja na viatu vya mjini, tafadhali sogea karibu na jiko;

Baba Padri, wazee wetu, zimamoto wa kujitolea mliotuazima ukumbi huu, na ninyi wageni mliovua skii zenu, mbao za kutelezea thelujini, na kuacha mteremko katikati ya Jumapili nzuri hivi ili mje mtusikilize:

KARIBU

Mgeni rasmi, sisi wakazi wa Mrzlinje tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Tumekuona ukishuka garini kule darajani na kumalizia njia kwa miguu, ili magurudumu yasiharibu mahali watoto wanapopitisha sleji zao. Hakuna aliyekuomba. Tumeliona jambo hilo, na tunakushukuru kabla hatujakuomba lolote.

Supu ya kabichi chachu iko motoni. Potica, ule mkate wetu wa kuviringisha wenye kokwa za jozi ndani, imeshakatwa, na utaona vipande ni vikubwa. Ni makusudi. Mtu mwenye kipande kikubwa mkononi haondoki haraka.

Mmoja wetu hayupo ukumbini. Ni Shangazi Pavla Koželj. Tulimpelekea sleji ya farasi imchukue, akairudisha tupu. Amesema leo ni Jumapili, Jumapili simu hulia, na simu haiwezi kuachwa peke yake kama mtoto. Amekutumia salamu na jozi ya soksi za sufu, hizo hapo mezani mbele yako. Amekisia ukubwa wa mguu wako kwa kutazama picha yako gazetini.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kijiji chetu kimekaa kwenye kingo mbili za kijito kimoja. Upande wa jua kuna kanisa na nyumba za zamani. Upande wa kivuli kuna malisho ya ng'ombe, na ndiyo hayo ambayo majira ya baridi huwa mteremko wetu.

Zamani watoto wetu waliteleza kwa mbao za mapipa, na walipanda mlima kwa miguu yao wenyewe. Ndipo Tine Koželj, fundi wa mashine za kupasulia mbao na mume wa Shangazi Pavla, aliposikia kwamba kituo kimoja kikubwa cha kuteleza kinatupa kamba yake ya kuvutia watu ili kiweke viti vya kupita angani. Alikwenda na lori la magogo akarudi na kamba, nguzo, magurudumu na mota. Wanakijiji walimcheka. Walimwuliza, "Tine, umenunua kamba ya kuanikia nguo za nani?" Akajibu, "Za kwenu, mkianguka mkalowa." Majira ya baridi ya mwaka ule ule, waliomcheka walikuwa wameishikilia kamba ile kwa mikono miwili, wakipandishwa mlimani kama mabwana.

Mteremko unakatiza malisho ya nyumba tisa. Hakuna hata nyumba moja iliyowahi kudai chochote. Kila mwaka ng'ombe wakishashuka kutoka mlimani, tunatoka sote siku moja na kung'oa uzio wa mbao, kila mtu wa kwake, na majira ya kuchipua tunausimamisha tena. Yule ambaye uzio wake utakutwa umesimama jua likizama, huyo huwalisha wenzake wote jioni ile. Mwaka mmoja Cene, anayeendesha Kamba hadi leo, aliacha uzio wake umesimama wakati kila mtu alimwona amekaa bure. Mkewe alikuwa ametoka kujifungua baada ya kungoja miaka mingi, na Cene alikuwa akitafuta kisingizio cha kutulisha. Tulikula, tukamlaumu kwa uvivu wake kama desturi inavyotaka, na yeye akakaa pale akilaumiwa huku uso unang'aa.

Simu ya Kamba iliwekwa nyumbani kwa Tine tangu mwanzo, kwa sababu enzi hizo hapakuwa na nyingine. Mtu akitaka kujua kama kuna theluji, anapiga, na Tine anajibu. Namba haijabadilika.

TUNAYOJIVUNIA

Mgeni rasmi, ng'ambo ya safu hii ya milima kuna ule mlima mkubwa ambao wote mnaujua. Hatuusemi vibaya. Watoto wetu wakishajua kuteleza vizuri huenda huko na hurudi na hadithi. Ila tunajua pia kwamba baba mwenye mshahara wa kiwandani, akipeleka watoto watatu kule, hupeleka mara moja kwa mwaka, na siku hiyo yeye mwenyewe hukaa chini kuwashikia makoti.

Hapa kwetu baba huyo anateleza. Tiketi ya familia nzima kwa siku nzima haifiki bei ya chakula chao cha mchana kule. Skii na viatu vinaazimwa ghalani kwa Jerneja, mkuu wa zimamoto wetu. Mtoto anasimamishwa kwenye mlango wa ghala, Jerneja anamtazama, anaingia ndani na kutoka na jozi inayomtosha. Mtoto akianguka kwenye Kamba, Cene anasimamisha mota mpaka ainuke, na hakuna anayepiga mluzi wala kunung'unika. Mama akiwa na mtoto mchanga, mtoto anabaki karibu na jiko kwa yeyote mwenye mikono mitupu, na mama anakwenda kuteleza.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja kutoka mji wa Celje, mara yake ya kwanza. Alitazama huku na huku pale chini ya Kamba, skii mkononi, kama mtu aliyepoteza kitu.

"Samahani, mzee," akamwambia Cene, "foleni inaanzia wapi?"

"Foleni ya nini?"

"Ya kupanda."

"Ah, hiyo." Cene akapiga mluzi, mbwa wake akaja. "Huyu hapa. Simama nyuma yake kidogo, ujisikie uko nyumbani."

Bwana yule alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. Leo yuko humu ukumbini na mkewe na watoto wao, na mbwa amelala juu ya miguu yake.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hatutaficha kwamba majira ya baridi yamekuwa mafupi. Mota ya Tine imezeeka, ingawa Cene huisemesha kila asubuhi na haijawahi kumgomea. Kule barabara kuu hakuna kibao kinachoonyesha njia ya kuja kwetu, na wageni wengi hutupita wakienda kujipanga foleni mlima mkubwa, bila kujua kwamba tupo.

Ila changamoto iliyokuleta hapa ni moja, nasi tunaijua. Manispaa imetazama majira mawili ya baridi yaliyopita, ikaona wageni wetu wamepungua mno. Mmetuandikia kwamba mnafikiria kuacha kuchangia ukaguzi na bima ya Kamba. Bila ukaguzi na bima, Kamba haizunguki. Mmetutaka tutoe maelezo kwa nini wageni walipungua, na mmesema maelezo hayo yataingia kwenye kumbukumbu za kikao na kuchapishwa katika jarida la Manispaa, kama ilivyo haki ya kila mwananchi kujua.

Ni haki, hatupingi. Jarida hilo tunalipenda. Shangazi Pavla hulisoma lote kwa kioo cha kukuzia maandishi, tangu ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya kupotea kwa paka.

Kwa hiyo sasa tunafika mahali ambapo tunamwomba Ndugu Katibu, kwa heshima zote, aweke kalamu yake mezani kwa muda.

Tunashukuru. Na potica hiyo iko karibu na mkono wako, usione haya.

MANENO AMBAYO HAYAMO KWENYE NAKALA

Mgeni rasmi, nakala tutakayokukabidhi haina sehemu hii. Hii ni ya kusikia tu.

Tine alifariki miaka mitatu iliyopita, majani ya miti yakiwa yanadondoka. Baada ya maziko tulikaa humu humu ukumbini, mtu mmoja akauliza simu ya Kamba ihamie kwa nani. Cene akasema ihamie kwake, maana ndiye aliye mteremkoni. Jerneja akamkatiza.

"Muiache kwa Shangazi Pavla."

"Hata mlimani haendi," Cene akasema. "Tangu aanguke hajavuka daraja majira ya baridi."

"Sijasema aende mlimani. Nasema ile nyumba isinyamaze."

Hakuna aliyebisha. Tuliiacha simu kwake, na tulirudi majumbani tukiwa tumeridhika na nafsi zetu.

Shangazi Pavla alichukua kazi ile kwa uzito. Aliweka kiti karibu na simu, na kwenye kiti akaweka mto. Sasa, Tine alikuwa amemwachia kanuni moja. Chini ya dirisha la jiko lao, upande wa jua, kuna mplamu. Tine alikuwa akisema, "Shina la mplamu likifunikwa, waambie waje. Likionekana, waambie wangoje." Yeye mwenyewe aliifuata miaka yote. Na ilikuwa kweli. Zamani zile theluji ilianguka pande zote mbili za kijito sawasawa na ilikaa mpaka karibu na Pasaka. Uwanja wa Tine ukiwa na nyasi, basi mteremko mzima ulikuwa nyasi.

Siku hizi sivyo. Upande wa jua theluji inakaa siku mbili inakwisha, na upande wa kivuli inakaa wiki kwa wiki. Hakuna aliyeupelekea mplamu habari hizo. Na kutoka jikoni kwa Shangazi Pavla mteremko hauonekani tena, kwa sababu misonobari iliyo kando ya kijito imekua ikauziba.

Basi watu walipopiga simu wakauliza kama kuna theluji, Shangazi Pavla aliwaomba wangoje kidogo, akaenda dirishani, akatazama mplamu, akarudi. Akawaambia ukweli wote kama alivyouona. "Mwanangu, shina liko wazi na nyasi zinachungulia. Msiwasumbue watoto kwa safari ndefu bure."

Hakuwahi kusema uongo hata mara moja. Majira mawili ya baridi.

Na sisi ng'ambo ya kijito, tuliokuwa tumesimama kwenye theluji ya kufika magotini, tukatazamana tukasema watu wametuacha. Tukasema wanapenda viti vya kupita angani. Tuliona haya kidogo, na kwa kuona haya hatukuulizana.

Tulikuja kujua mwezi wa kwanza mwaka huu. Alikuja Nada, muuguzi wa mjini, ambaye kabla ya hapo alikuwa akija kila mwaka na wanawe wawili. Alikuja na sleji tu, bila skii, ili watoto wacheze popote penye weupe kidogo. Walipotokea kwenye misonobari wakasimama. Mteremko mzima ulikuwa mweupe kutoka juu mpaka chini, na Cene yuko peke yake anaegemea nguzo.

"Karibuni!" Cene akapaza sauti. "Mbona mmetususa hivyo?"

"Nani amewasusa? Tumepiga simu kila Ijumaa! Tunaambiwa nyasi."

"Nyasi? Nani anawaambia nyasi?"

"Bibi mmoja mpole sana," Nada akasema. "Huwa anauliza kama koo la mdogo limepona. Safari moja alinifundisha kumchemshia kitunguu na asali, na kweli alipona."

Cene anasema alihisi kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji ndani ya koti. Aliwapandisha watoto wa Nada mlimani siku nzima, akawapa na chai, na jioni akaja kutugongea milango.

Tulikutana hapa. Wapo waliosema simu ihamishwe kesho yake. Cene akauliza, "Vizuri. Nani atakwenda kuing'oa?" Mwishowe Jerneja, ambaye ameingia kwenye nyumba zinazowaka moto bila kusita, akasema atakwenda yeye, amweleze taratibu, kama mtoto kwa mama yake.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na makombo ya keki ya strudeli kwenye skafu.

"Umemwambia?" Cene akamwuliza.

"Alinikaribisha chakula."

"Kwa hiyo hukumwambia."

"Nilianza! Nikasema, Shangazi, kuhusu simu. Akaniambia, mwanangu, simu hii ndiyo inayonilaza usingizi. Akasema kila anapokwenda dirishani kutazama shina, anasikia kama Tine yuko nyuma yake anamwuliza, haya Pavla, tuwaambieje? Sasa hapo ningeanzia wapi, Cene? Hebu nionyeshe wewe mahali pa kuanzia."

Cene hakumwonyesha. Alikuna kidevu, kisha akasema neno ambalo mwanzoni tulidhani ni mzaha.

"Kama mplamu hauna theluji," akasema, "si tuupelekee?"

Mgeni rasmi, ndivyo tulivyofanya. Siku zote za wiki ambazo uwanja wa Shangazi Pavla umekauka, wanne wetu huamka kabla ya kuku wake. Trekta haifai kwa kelele. Tunapakia theluji ya upande wa kivuli kwenye sleji ya kubebea majani makavu, tunaivuta kwa mikono kupita darajani, na tunaimwaga chini ya mplamu.

Asubuhi ya kwanza Cene aliipigapiga kwa koleo mpaka ikawa ya mviringo, laini juu na pembeni. Jerneja akaitazama.

"Hii ni nini?"

"Theluji."

"Theluji gani inaanguka kwa umbo la keki? Umesahau mishumaa tu." Akaipiga teke, akachukua ufagio akaitawanya mpaka ikafanana na kazi ya Mungu.

Baadaye asubuhi ile Cene alijisingizia kwamba amekuja kutazama bomba la maji linalovuja. Alikuwa amejipenyeza chini ya sinki wakati simu ilipolia. Akasikia mto wa kiti ukipumua, miguu ya Shangazi Pavla ikienda dirishani polepole, na kimya. Kisha miguu ikarudi, safari hii haraka.

"Njooni," Shangazi Pavla alisema kwenye simu. "Njooni, mwanangu, shina limefunikwa! Leteni na soksi za akiba."

Alipokata simu akamwambia Cene, "Unaona? Tine hakukosea." Cene alibaki chini ya sinki kwa muda mrefu kuliko bomba lilivyohitaji. Alituambia mwenyewe kwamba hakuweza kutoka na uso ule.

Tangu siku hiyo wageni wamerudi. Mmewaona leo. Ghala la Jerneja limebaki na jozi za watu wazima wenye miguu mirefu mno.

Mnaweza kuuliza, je, Shangazi Pavla hajui? Sisi wenyewe tumegawanyika. Wiki mbili zilizopita, siku ya baridi kali kuliko zote, tulifika na sleji yetu tukakuta chini ya mplamu kuna kigoda. Juu ya kigoda kuna birika lililofunikwa blanketi, na vikombe vinne vimepinduliwa.

"Anajua," Cene akanong'ona.

"Hajui," Jerneja akasema. "Ameisahau chai yake nje."

"Vikombe vinne, Jerneja. Na sisi tuko wanne."

"Basi ana kiu. Kunywa, unyamaze."

Tulikunywa tukanyamaza. Tulivisuuza vikombe kwa theluji, tukavirudisha kama vilivyokuwa, na yeye hakutuuliza, nasi hatukumshukuru. Pazia lilikuwa limefungwa. Kama hajui, hatutaki ajue. Na kama anajua, basi ametupa ruhusa ya kuendelea, na ruhusa ya namna hiyo haiwezi kuandikwa popote bila kuharibika.

Sasa unaona tulivyobanwa, Mheshimiwa. Tukitoa maelezo ya kweli, Manispaa itaelewa kwamba watu hawakutuchoka, na pengine Kamba itapona. Lakini maelezo hayo yatachapishwa, na mwezi ujao bibi mwenye kioo cha kukuzia atakaa kwenye mto wake, karibu na simu yake, asome kwamba majira mawili ya baridi alikuwa akiwarudisha watu, na kwamba maneno ya mumewe ndiyo yaliyoiua kamba ambayo mumewe aliileta kwa lori. Tumelizungumza jambo hili sote, pamoja na wenye malisho tisa na pamoja na Cene, ambaye hana kazi nyingine. Tumekubaliana bila mtu kupinga. Kamba tunaipenda sana. Ila kwa bei hiyo hatuitaki.

Hayo ndiyo tuliyotaka uyasikie kwa masikio yako. Hatukuombi useme uongo. Umeuliza, nasi tumekujibu. Kosa la kweli ni letu: sisi ndio tuliompa mtu simu tukasahau kumpa habari, na sisi ndio tuliokaa majira mawili bila kuvuka daraja kumwuliza mbona watu hawaji. Kuvuka daraja ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja.

Ndugu Katibu, tunakushukuru kwa uvumilivu wako. Sasa unaweza kuchukua kalamu. Tunaona umejifuta macho kwa kitambaa cha mezani. Ni kisafi, usijali.

MAOMBI

Mgeni rasmi, maombi yetu ni machache.

Tunaomba Manispaa iendelee kuchangia ukaguzi na bima ya Kamba kwa majira mawili zaidi ya baridi, na itupime kwa hayo, pamoja na haya tuliyonayo sasa. Kuna familia ambazo mlima wao ni huu tu. Baba wa namna ile tuliyemtaja hana pengine pa kuvaa skii zake, na tusipokuwepo hatakwenda mlima mkubwa mara nyingi zaidi. Atakaa nyumbani, na wanawe watakua wakijua theluji kwa kuitazama dirishani.

Tunaomba kibao kimoja kwenye barabara kuu. Mbao tunazo, rangi tunayo, na mchoraji tunaye. Tunaomba ruhusa ya kuchimba shimo.

Tunaomba simu ya Kamba ibaki ilipo. Tumesikia kwamba Manispaa inakusanya namba zote za utalii ziwe moja, mjini, yenye mashine ya kujibu. Ni jambo la maendeleo na tunawapongeza. Yetu tunaomba muisahau. Wageni wetu wanapenda kuulizwa habari za koo.

Na mwisho, kuhusu maelezo mliyotutaka tutoe kwa maandishi, kwa nini wageni walipungua majira mawili yaliyopita. Maelezo yetu ni haya, na tunamwomba Ndugu Katibu ayaandike neno kwa neno, na jarida liyachapishe ukurasa wowote, kwa herufi kubwa mkipenda:

Wageni walipungua kwa sababu sisi, wakazi wa Mrzlinje na waendeshaji wa Kamba, tulizembea. Hatukutoa habari za theluji kama ilivyotupasa. Hatukufuatilia. Hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa. Ni sisi sote, na tumejirekebisha.

Karatasi hiyo tumeshaitia saini. Cene ametia saini mara mbili, moja kwa ajili ya mota. Kama kikao kitaona kwamba watu wazembe hawastahili kuchangiwa, tutaipokea hukumu hiyo, na tutaishusha Kamba wenyewe kwa mikono yetu, taratibu, nguzo kwa nguzo. Kuitwa wazembe hakutatuumiza. Tumezoea kulishana kwa jina hilo.

Mama Meya, Mungu akujalie barabara kavu unapoondoka na theluji tele unaporudi. Awape joto wote walio wako nyumbani. Awape uzima wageni wetu na magoti yao. Na kila anayengoja sauti ya mtu mahali fulani leo, asingoje sana.

Ni sisi,

Wakazi wa Mrzlinje, waendeshaji wa Kamba, zimamoto wa kujitolea, na wenye malisho,
wa upande wa jua na wa upande wa kivuli.